Mafunzo ya vitendo ya unasihi kanisani na msikitini: mwongozo kwa mwanafunzi wa uzamili

Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kufanya mafunzo ya vitendo katika nyumba ya ibada anaingia mahali ambapo watu wanashauriwa tayari. Mchungaji, padri, imamu, wazee wa kanisa, walezi wa ndoa, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: wote wamekuwa wakisikiliza watu kabla hujafika, na wataendelea ukishaondoka. Hiyo ndiyo faida yenyewe, kwa sababu utawapata watu ambao wasingekanyaga kliniki ya afya ya akili hata siku moja. Ugumu ni kwamba nyumba ya ibada ina viongozi wenye mamlaka juu ya waumini, na kiongozi mwema huona ni wajibu wake kujua kinachomsumbua muumini wake. Mnasihi naye ana wajibu wa kutokumwambia. Mafunzo mengi yanayovunjika katikati ya muhula huvunjikia hapo, na dawa yake ni yale mnayokubaliana kwa maandishi kabla mteja wa kwanza hajaketi.

Tumeandika tukiwafikiria zaidi wanafunzi wa Kenya na Tanzania.

Hesabu saa zako kabla ya kutafuta mahali

Fungua kitabu cha mwongozo cha programu yako utafute mambo manne: jumla ya saa zinazotakiwa, saa ngapi ziwe za ana kwa ana na mteja, saa ngapi za usimamizi, na kama vikao vya kikundi na semina vinahesabiwa. Usichukue hesabu ya rafiki anayesoma chuo kingine, kwa sababu vyuo vinatofautiana sana. Wanaosoma Marekani katika programu zinazofuata viwango vya CACREP, chombo cha huko kinachoithibitisha mitaala ya unasihi, hukuta saa 100 za hatua ya kwanza, 40 kati yake za ana kwa ana, kisha saa 600 za hatua ya pili, 240 za ana kwa ana. Mafunzo ya uchungaji wa hospitalini, ambayo Anton Boisen aliyaanzisha mwaka 1925 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, huhesabiwa kwa vipindi vya saa 400. Kwa Kenya, jambo la kuuliza mapema kuliko yote, ikiwezekana kabla ya kulipa karo, ni kama shahada hiyo itakuwezesha kusajiliwa chini ya Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014.

Sasa piga hesabu. Tuseme unatakiwa saa 80 za ana kwa ana katika muhula wa wiki 15. Wiki mbili za mwanzo huna mteja, unajitambulisha na kuandaa hati. Wiki ya mwisho ni ya kukabidhi. Zinabaki 12. Ukipanga nafasi 7 kwa wiki utaona zinatosha, kwa kuwa 7 mara 12 ni 84. Hazitoshi. Watu wataahirisha: mvua imenyesha, kuna msiba, mtoto anaumwa, nauli haipo. Panga ukichukulia kwamba theluthi moja ya nafasi itapotea, yaani nafasi 10 kwa wiki. Na uulize chuo kama kikao cha dakika 50 kinaandikwa kuwa saa nzima au dakika 50, maana tofauti hiyo peke yake inaweza kukurudisha muhula mwingine.

Angalia kalenda ya ibada pia. Ramadhani hubadilisha saa za watu kabisa; alasiri wamechoka, usiku wako kwenye tarawehe. Kwaresima, Juma Kuu, mikutano ya injili na Desemba nzima huvuruga ratiba ya makanisa. Vijijini ongeza msimu wa kulima na wa kuvuna.

Mahali pafaapo si pale unaposali wewe

Usifanye mafunzo katika usharika, parokia au msikiti wako mwenyewe, hata kama ndiko utakakopokewa kwa mikono miwili. Mama atakayekueleza siri ya ndoa yake leo ataketi nyuma yako Jumapili, na mumewe anaimba nawe kwaya moja. Atanyamaza au ataacha kuja ibadani, na yote mawili ni hasara yake. Nenda usharika wa jirani, au dhehebu lingine linalokubali.

Patembelee mara mbili kabla ya kuamua: siku ya ibada na siku ya kawaida katikati ya wiki. Siku ya ibada utaona watu. Siku ya kawaida utaona ukweli wa jengo, nani ana ufunguo, kama fundi cherehani amepanga ukuta wa pili, kama darasa la chekechea linapiga kelele hadi saa sita. Mambo mawili hayana mjadala: lazima kuwe na mtu mwingine mzima katika jengo muda wote unapoonana na wateja, na lazima kuwe na kituo cha afya unachoweza kumfikisha mtu siku hiyo hiyo.

Mwenyeji na msimamizi ni watu wawili

Hapa ndipo vyuo vyenyewe hulegea. Fomu inasema "msimamizi wa mahali pa mafunzo", mwanafunzi anampelekea mchungaji asaini, na kuanzia hapo mchungaji anaamini, kwa haki kabisa, kwamba ana ruhusa ya kujadili kila mteja. Tenganisha kazi hizi. Kiongozi wa ibada awe mwenyeji: anakupa chumba, anakutambulisha, anathibitisha kwamba ulihudhuria. Msimamizi awe mnasihi mwenye sifa, hata kama hatoki katika nyumba hiyo, na ndiye pekee anayesikia habari za wateja, tena bila majina. Kama usharika hauna mtu wa namna hiyo, tafuta mnasihi wa hospitali au wa kituo cha ushauri mjini, au omba chuo kikupangie. Saa moja ya ana kwa ana naye kila wiki ni ya lazima, na kikao cha kikundi na wanafunzi wenzako kiwe nyongeza. Usimamizi wa simu unasaidia pale umbali ni mkubwa, ila usiufanye mkiwa matatuni au kwenye daladala.

Mchungaji aliye pia mnasihi aliyesajiliwa? Bado usimweke kuwa msimamizi wako hapo. Mamlaka yake juu ya mteja hayaondoki kwa sababu ana cheti.

Hati ya makubaliano

Kurasa mbili zinatosha, kwa lugha ambayo wazee wote wa baraza au kamati ya msikiti wataielewa wakisomewa. Soma kwa sauti mbele yao. Usiwaachie tu wasaini. Iseme siku na saa utakazokuwepo, chumba kipi, nani anashika ufunguo. Iseme kwamba huduma ni bure na mwanafunzi hapokei pesa, zawadi wala sadaka kutoka kwa mteja. Iseme kwamba mtu wa dini au dhehebu lolote anaweza kuja, na kwamba hakuna atakayeshinikizwa kubadili imani. Iseme usiri unaishia wapi: mtu akiwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mwingine, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Iseme kwamba kuja au kutokuja kwa unasihi hakutatumika katika uamuzi wowote wa kanisa, iwe ni kutengwa, ubatizo, ndoa au kuchaguliwa uongozi. Kifungu hiki cha mwisho huwa kinasahaulika, na ndicho kinachomlinda mteja kuliko vyote.

Kisha jiandae kwa swali ambalo litakuja tu. Baada ya wiki tatu hivi mwenyeji atakuuliza kwa nia njema: "Yule mama niliyekuletea, anaendeleaje?" Ukisema "anaendelea vizuri" umeshathibitisha kwamba anakuja na kwamba mna mazungumzo, kesho swali litakuwa refu zaidi. Jibu lenye heshima na lisilotoa kitu ni kama hili: "Mchungaji, nashukuru unavyowajali watu wako. Kama tulivyokubaliana na wazee, siwezi kusema nani amekuja wala nani hakuja. Ukimwona, muulize mwenyewe hali yake, atafurahi." Lifanyie mazoezi kwa sauti. Kulisema mbele ya mtu mzima uliyemwamkia kwa heshima asubuhi hiyo ni kazi ngumu kuliko kulisoma.

Sentensi moja kwa mwezi ya takwimu inamtosha mwenyeji: watu wangapi wameonwa, wanawake wangapi, wanaume wangapi. Kama idadi ni ndogo mno kiasi kwamba mtu anaweza kutambulika, toa jumla tu.

Chumba na tangazo

Chumba kiwe na viti viwili vya urefu sawa vilivyowekwa kimshazari kidogo, visitazamane uso kwa uso kama polisi na mtuhumiwa. Kaa karibu na mlango, lakini usimzibie mteja njia. Saa ya ukutani iwe mahali unapoiona bila kugeuza shingo. Jaribu sauti: mwombe mtu aongee ndani kwa sauti ya kawaida, wewe simama nje. Kama unasikia maneno, badilisha chumba au weka redio ndogo koridoni. Ofisi ya mchungaji epuka, maana aliyeingia humo anaonwa na wote kuwa "ameitwa".

Msikitini, na katika makanisa mengi pia, mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawafungiwi chumba kimoja peke yao. Usilichukulie kama kizuizi; ni utaratibu wa watu na una ulinzi wake kwako na kwa mteja. Lililo bora ni mwanafunzi wa kike kwa wateja wa kike. Lisipowezekana, tumia chumba chenye dirisha la kioo mlangoni, au mlango ulioachwa wazi nusu huku mama mmoja anayeaminika akikaa umbali wa kuona bila kusikia. Darasa la madrasa saa ambazo hakuna watoto linafaa vizuri.

Tangazo andika wewe, msomaji asome neno kwa neno. Likiachwa litoke kichwani litasema "wenye matatizo wamwone kijana huyu", na hakuna atakayekuja, kwa sababu nani anyanyuke mbele ya watu 300 akiri kuwa ana matatizo? Hili linafaa: "Kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, saa nane hadi saa kumi na moja, kuna mnasihi mwanafunzi katika chumba cha maktaba. Mtu yeyote anaweza kwenda kuzungumza naye kwa faragha, bila malipo. Huna haja ya kupitia kwa kiongozi yeyote." Lirudiwe wiki tatu mfululizo, na libandikwe penye choo cha wanawake na cha wanaume, mahali ambapo mtu anaweza kunakili namba bila kutazamwa.

Kikao cha kwanza

Dakika kumi za mwanzo ni za ridhaa. Mweleze wewe ni mwanafunzi, msimamizi wako atasikia habari lakini si jina, usiri unaishia wapi, na anaweza kuacha wakati wowote. Mwombe akueleze kwa maneno yake alichokielewa. Mtu aliyezoea kutii kiongozi wa dini ataitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, na saini yake peke yake haikuambii kitu.

Dodoso la PHQ-9 linasaidia kupima sonona. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na zaidi ni ishara kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Si utambuzi wa ugonjwa. Lisome kwa sauti hata kwa anayejua kusoma, kwa sababu wengi wanaona haya kusema miwani imebaki nyumbani. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lililo juu ya 0, weka karatasi chini uulize.

Imani iulizwe mapema: "Ungependa dini yako iwe sehemu ya mazungumzo yetu, au tuiache pembeni kwanza?" Wengine wamekuja kanisani kwa sababu ndipo palipo na huduma, na kanisa ndilo lililowaumiza. Mteja akikuomba umwombee, usikimbilie kukubali wala kukataa. Uliza angependa yaombewe nini. Majibu yake ni nyenzo ya kikao. Kama mnashiriki imani moja na msimamizi wako anajua, ombi fupi lililobeba maneno yake halina ubaya. Au mpe nafasi aombe mwenyewe, wewe ukae naye kimya. Ombi lisitumike kufunga mada iliyokushinda.

Andiko la neno kwa neno

Kama kuna chombo kimoja cha kukomaza mnasihi katika mazingira ya dini, ni hiki. Mara moja kwa wiki, ndani ya saa mbili baada ya kikao, andika kwa kumbukumbu mazungumzo ya kuanzia mafungu 10 hadi 15, kila kauli na namba yake. Mkono wa kulia acha nafasi uandike ulichohisi wewe wakati ule. Mfano huu tumeutunga:

Mteja 4: Mwanangu, tangu nimzike Juma kila mtu ananiambia Mungu alimpenda zaidi.
Mnasihi 4: Ni kweli mama, Mungu ana mpango wake.
Mteja 5: Ndiyo. Asante mwanangu. *(Ananyamaza, anafunga khanga vizuri.)*
Mnasihi 5: Na hapa nyumbani unaishi na nani?

Wakati wa kikao mwanafunzi aliona amefariji. Kwenye karatasi inaonekana wazi: mama alikuwa anafungua jambo, akafungiwa, akashukuru kwa adabu, na mwanafunzi akahamia maswali ya fomu. Kwenye safu ya kulia, kama mwanafunzi ni mkweli, patakuwa na neno "niliogopa". Msimamizi ataanzia hapo. Jibu mbadala la Mnasihi 4 lingekuwa: "Wanakuambia hivyo. Na wewe mama, usiku ukiwa peke yako, unasemaje?" Huenda mama angesema analia tu. Huenda angesema anamkasirikia Mungu, jambo ambalo hawezi kulisema kwa mtu mwingine yeyote katika jengo hilo.

Mwanafunzi aliyelelewa kwa mahubiri ana majibu ya haraka mdomoni, na ni majibu mazuri yanayokuja kabla ya wakati wake. Ukikusanya maandiko matano utaiona kauli yako pendwa ikijirudia. Iandike kwenye karatasi, uikwepe wiki nzima.

Dawa, mapepo na majini

Mtu anayesikia sauti atakuwa ameshapelekwa kwenye maombi, kisomo au kombe kabla ya kukufikia. Usishindane. Ukimwambia mama kwamba mwanawe hana pepo bali ana ugonjwa, umemlazimisha achague kati yako na kanisa lake, na hatakuchagua wewe. Maneno yanayofanya kazi ni haya: maombi yaendelee, na hospitali nayo tuende. Uliza kwanza familia inaona chanzo ni nini, wamejaribu nini, na nini kilimsaidia hata kidogo.

Mpaka wako uko kwenye usalama. Kumfunga mtu kamba, kumpiga, kumnyima chakula kwa jina la mfungo, kumwachisha dawa: hayo hayajadiliwi. La kuachishwa dawa ndilo la kawaida zaidi. Mtu wa kifafa akiombewa, akapata wiki mbili bila kuanguka, anatupa vidonge, na kukatisha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Zungumza na viongozi wa maombi mapema, kabla hujawa na mteja hata mmoja wa namna hiyo, muwe na kauli moja: anayejisikia amepona aende akathibitishiwe na daktari, ndipo daktari apunguze dawa. Wengi huikubali, kwa kuwa inaheshimu maombi yao.

Kwa Waislamu, wiki kadhaa kabla ya Ramadhani waelekeze wanaotumia dawa za akili wamwone daktari apange upya saa za kumeza. Anayetumia lithiamu awe wa kwanza, maana upungufu wa maji mwilini unaweza kupandisha kiwango cha dawa hiyo katika damu hadi kuwa sumu. Imamu anaweza kumweleza mgonjwa ruhusa yake ya kutofunga. Hilo likitoka kwake lina uzito ambao neno lako halina.

Yasiyosubiri wiki ijayo

Kuhusu kujiua, uliza wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, endelea: ana mpango gani, kitu cha kutumia kiko wapi, amepanga lini, aliwahi kujaribu? Kama kuna mpango na kitu kiko nyumbani, haondoki peke yake. Mpigie msimamizi mteja akiwa hapo hapo, muwe na ndugu anayemkubali, mpelekeni hospitali, na ndugu mwingine akaondoe sumu ya mimea au dawa nyumbani. Hospitali iliyo karibu inatosha kuanzia. Hospitali kubwa za akili kama Mathari ya Nairobi, Mirembe ya Dodoma na Kidongo Chekundu ya Zanzibar ni za rufaa. Familia nyingi husita kwa kuogopa polisi. Kwa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Mahali penye kipigo usifanye unasihi wa wanandoa pamoja, hata wazee wakiomba vipi mpatanishwe. Mke atakachosema mbele ya mume saa nane atakilipia saa tatu usiku. Waone kila mmoja peke yake, na umsaidie anayepigwa kupanga usalama: vitambulisho viko wapi, atakwenda kwa nani, watoto watatokaje. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU, na mapema zaidi ni bora. Asisubirishwe kikao cha wazee. Kenya kuna namba 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Tanzania ulizia Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini. Mtoto akiwa hatarini, namba 116 inapatikana nchi zote mbili, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Mtuhumiwa akiwa kiongozi wa nyumba hiyo hiyo ya ibada, taarifa haipitii kwa mwenyeji. Inakwenda kwa msimamizi wako na kwa mamlaka siku hiyo hiyo.

Kazi ya jamii

Chuo kitataka pia uoneshe kazi nje ya chumba. Usianze na semina kubwa. Wiki mbili za mwanzo keti na vikundi vilivyopo, umoja wa wanawake, vijana, wanaotembelea wagonjwa, kikundi cha kuweka na kukopa, uulize swali moja: mtu wa hapa akizidiwa na mawazo, huenda kwa nani kwanza? Majina yatakayojirudia ndiyo ya watu wa kuwafundisha. Mara nyingi hawana cheo chochote.

Chukua watu 12 hadi 16, Jumamosi sita, saa tatu kila mara. Siku mbili za kusikiliza bila kutoa nasaha, siku ya usiri, siku ya dalili za hatari, siku ya rufaa, na ya mwisho mazoezi mchanganyiko. Nusu ya muda iwe mazoezi ya wawili wawili. Waite wasikilizaji, msiwape cheti chenye neno mnasihi. Kwamba watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa wanaweza kusaidia limeoneshwa vizuri Zimbabwe, ambako Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wanaowasikiliza watu kwenye mabenchi ya zahanati. Shirika la Afya Duniani nalo lina utaratibu wa vikao vitano vya dakika 90 kwa wahudumu wasio wataalamu. Sharti la yote ni usimamizi. Usipopata mtu wa kuwasimamia baada yako, wafundishe kutambua na kupeleka rufaa tu.

Orodha ya rufaa iwe ukurasa mmoja, na kila namba umeipiga mwenyewe. Nenda kliniki ukamfahamu muuguzi wa afya ya akili kwa sura na jina. Rufaa ya "nenda hospitali ukaulize" hupotea njiani. Ya "nenda Jumatano, umuulize muuguzi fulani, nimeshamwambia" hufika.

Kumbukumbu na kuondoka

Baada ya kila kikao, dakika kumi: alichosema, ulichoona, unavyoelewa, mpango wa kikao kijacho. Tumia namba badala ya jina; orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye kabati lingine lenye kufuli. Afya na imani ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria yake ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Usijadili mteja kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata bila jina. Ukitaka kutumia vikao hivi kwa tasnifu, hiyo ni ridhaa nyingine, yenye kibali kingine cha maadili ya utafiti, na haiombwi mteja akiwa analia.

Tangaza kuondoka wiki nne kabla, si siku ya mwisho. Kila mteja aamue: anamaliza, anahamia kwa mnasihi mwingine, au anaendelea na msikilizaji wa hapo. Anayehama apewe barua aliyoisoma na kuikubali. Mafaili yanakwenda chuoni au kwa msimamizi kama hati inavyosema, hayabaki kanisani.

Na zungumzieni salamu. Mtakutana sokoni, na kwa desturi mdogo humwamkia mkubwa, kwa hiyo shauri la vitabuni la kusubiri mteja akusalimu kwanza litaonekana utovu wa adabu. Mwambie katika kikao cha mwisho: "Nikikukuta njiani nitakuamkia kama ninavyomwamkia mtu mzima yeyote. Sitauliza habari za hapa, na ukiwa na watu, si lazima useme tunafahamiana wapi."